Kuku wa Kumhemba Binti Yangu

Mimi na mwewe hatujawahi kuelewana. Nimeishi na panya ghalani, nimeishi na nyoka kwenye rundo la kuni, hata kunguru wanaoiba sabuni bombani nimepatana nao. Mwewe hapana. Anakuja mchana kweupe, anakutazama usoni, anachukua chako, anaondoka taratibu kama mtu aliyelipa.

Mwaka huo alinikuta pabaya, maana vifaranga niliokuwa nao hawakuwa wa kuchezea. Binti yetu wa mwisho ameolewa Kasulu. Alikaa kwenye ndoa miaka bila mtoto, na maneno niliyoyasikia juu yake siyaandiki hapa. Siku alipopiga simu kusema tumbo limekaa, nililia kwanza, halafu nikamuuliza atakapojifungua anataka nimpelekee nini. Kwetu mzazi haendewi mikono mitupu. Watu wa kwao wanakwenda kumhemba, yaani wanampelekea chakula cha kumrudishia damu na nguvu, na ukoo wa mume unatazama kilicholetwa. Binti hakutaka kitenge wala sukari.

"Mama, niletee kuku wa nyumbani," alisema. "Wale wanaolala jikoni kwako. Usininunulie sokoni."

Nikamwambia atawapata. Nikisema nimesema.

Mimi nilipojifungua mara ya kwanza sikuhembwa na mtu. Tulikuwa tumevuka kutoka Burundi, mama yangu amebaki kule kaburini, nikawa nakula maharage yasiyo na chumvi huku kichanga kinalia. Siyasemi haya ili nionewe huruma. Nilinyanyuka. Nimeuza maharage, nimeuza mawese, shule niliiacha darasa la pili, na nyumba hii ya bati hapa Kibondo nimeisimamisha kwa mikono hii. Leo ni raia kama wewe. Lakini niliapa kwamba mtoto wangu hatalala kwenye kitanda cha uzazi akitazama mlango, asiingie mtu.

Basi mvua za kwanza zilipoanza, tetea wangu mwekundu akaangua vifaranga kumi na mmoja. Wiki haijaisha, mwewe kachukua wawili. Nikawafunika na tenga. Chini ya tenga hakuna mchwa wala majani, wakaanza kusinyaa, mmoja akafa. Nikawatoa, nikamfunga mama yao mguu karibu na mlango nikidhani mwewe ataona haya kusogelea nyumba ya watu. Akaja mpaka barazani, akachukua mwingine. Mbwa wetu, ambaye usiku anabwekea hata jani likianguka, alipouona ule mdomo wa njano aliingia chini ya meza.

Kuna dawa ya mwewe ambayo kila mtu huku anaijua: unawapaka vifaranga rangi, mwewe hawatambui. Nikanunua rangi ya kusukia mikeka, nikawachovya wote wakawa zambarau. Jirani yangu ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, mama mcheshi asiye na adabu. Akaegemea ua.

"Bibi, hawa wanakwenda harusini?"

Nikamjibu wanakwenda Kasulu.

Siku chache mwewe alizunguka juu bila kushuka, nami nikaanza kujisifu mtaani. Kisha akashuka, na safari hii hata hakujisumbua kutafuta, maana kifaranga wa zambarau kwenye udongo mwekundu anaonekana toka Gwarama kule mbali. Mwalimu alikuwa palepale kwenye ua. Akaniambia nimemwekea mwewe alama ili asipotee njia. Nilitaka kumrushia ufagio. Wakabaki sita.

Mzee wangu habari za kuku hazimhusu. Yeye ni mtu wa bustani. Tangu magoti yaanze kumsumbua hafiki tena shamba la mbali, nguvu zote kazihamishia nyuma ya nyumba: nyanya, lengalenga, vitunguu, na kabichi zilizopangwa mistari kama askari kwenye gwaride. Kuku aliyekanyaga mle alitoka amepungukiwa manyoya. Katikati ya bustani umesimama mgrevilea mkubwa, na juu yake, mwaka huo, walijenga ndege wawili weusi wenye macho mekundu na mkia uliogawanyika kama mkasi. Mwalimu alisema wanaitwa mramba. Mzee aliwaita wakora.

Alikuwa na sababu. Kila akiinama kupalilia, ndege mmoja alishuka akamdonoa kwenye upara. Mwishowe akawa analima na sufuria kichwani. Sufuria yangu ya ugali. Nilimuuliza kama amerudi jeshini, akanuna. Akaapa kwamba mti ule Jumamosi hauamki, tena unatia kivuli kabichi zake, na mwenye msumeno ameshakubaliana naye.

Ijumaa paka wetu akapanda mgrevilea kufuata kiota. Sikuona alichofanyiwa huko juu, niliona anavyoshuka: kichwa kwanza, sikio linavuja damu, ndege wote wawili wako mgongoni. Akaingia uvunguni, hakutoka mpaka jioni. Mzee alicheka mpaka akakaa chini kwenye matuta. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na ungo wa mchele, nafikiri. Ndege anayempiga mume wangu, anayempiga paka, atamwogopa mwewe kwa lipi? Nimefanya biashara maisha yangu yote. Nikikuta mtu mkorofi mwenye nguvu sigombani naye, namtafutia kazi.

"Mzee," nikamwambia, "mti haukatwi."

"Kwa nini?"

"Wale ndege nimewaajiri."

Alinitazama kama mtu anayetafuta homa. Nikamweleza kwamba tetea na wanawe wanahamia chini ya mgrevilea. Alielewa upesi kuliko nilivyotaka, kwa sababu chini ya mgrevilea palikuwa na kabichi, na kuku akiingia kwenye kabichi hakuna mazungumzo tena.

"Mama watoto, kabichi zangu zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea. Ila mwanao hatahembwa kwa kabichi."

Alichukua jembe lake akaenda kuliegemeza ukutani, akala amenipa mgongo, akalala. Nilijua nimemuumiza, na sikuwa na nia ya kurudi nyuma. Asubuhi nilipotoka kuwasha moto nikasikia kitu kinagonga bati. Ko. Ko. Nikazunguka nyumba. Mzee amepiga magoti, yale magoti mabovu, anang'oa kabichi kuzunguka shina lote, changa anazihamishia upande wa pili, na ndege anashuka anaigonga sufuria, anapanda, anashuka. Saa nne alikuwa ameshaziba sehemu iliyobaki kwa uzio wa matete. Mwenye msumeno alipofika siku hiyohiyo alirudishwa na kabichi mbili za kumpoza.

Nikawahamisha kuku. Ndege walipiga kelele siku ya kwanza, wakaona tetea hana habari na miti, wakamwacha.

Mwewe alikuja asubuhi moja baada ya mvua. Nilimsikia tetea kabla sijamwona yeye, ule mlio wa kooni unaowafanya vifaranga watawanyike. Lakini wale wa kwangu, na zambarau yao iliyoanza kuchujuka, walikuwa wazi kabisa kwenye udongo uliolimwa, hakuna pa kujificha. Nilisimama na mwiko mkononi, mbali, na nikajua kama nimekosea basi nimekosea kwa vyote, kuku na kabichi na neno langu. Mwewe akakunja mbawa akaja chini.

Hakufika. Ndege mweusi alitoka mtini kama jiwe la teo, akampiga shingoni kutoka juu. Mwewe akayumba, makucha wazi, akatafuta pa kugeukia. Wa pili akamjia ubavuni. Manyoya yakaanguka kwenye vitunguu. Mwewe akapanda, na yule wa kwanza akampanda mgongoni, anadonoa, wanakwenda hivyohivyo, wakapita juu ya bati la kanisa, wakapita mnara wa simu, na mimi nikaacha kuwaona walipoelekea sokoni.

Mzee alikuwa ameivua sufuria anaipiga kwa mpini wa jembe. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Mwalimu alikuja mbio, kanga haijafungwa vizuri.

"Bibi, amejifungua?"

"Bado. Lakini kuku wamepatikana."

Alijaribu tena, yule mwewe, kila mara akafukuzwa, kisha akahamia kwa watu wengine, na mimi sikuwaonea huruma. Watoto wa wale ndege waliruka, kiota kikabaki kitupu, lakini wakati huo kuku wangu walikuwa wakubwa kiasi kwamba mwewe angeanza yeye kuwaamkia. Sita niliowakabidhi, sita nikarudishiwa. Majogoo wanne, matetea wawili, manyoya mekundu kama mama yao, wanang'aa.

Maharage yalikuwa yanakauka shambani simu ilipoingia kutoka Kasulu. Mtoto wa kike, mzima, na mama mzima. Tulikwenda wote wawili na mzee, kuku kwenye tenga, na kondakta aliyetaka kuliweka kwenye buti nilimwambia basi aniweke na mimi humo. Likakaa miguuni pangu.

Kwa mkwe wangu tulikuta wanawake wa ukoo wamejaa uani. Wengine kati yao ndio wale wenye maneno. Nikatua tenga katikati, nikalifungua. Mama mkwe wa binti akainama, akamshika jogoo mmoja, akampima uzito kwa mkono, akampima tena.

"Mkwe, hawa umewapata soko gani?"

"Soko hawalijui. Wamelelewa."

Akamgeukia mtu wa jikoni akasema maji yawekwe motoni. Mzee alichinja wa kwanza mwenyewe. Mimi nilipewa kiti chenye mto, na sikuinuka kumsaidia mtu kitu chochote. Nilipika maisha yangu yote, siku ile nilikuwa mgeni. Mjukuu wakanipakatisha nimtazame, ana paji la babu yake, maskini.

Binti alitoka chumbani polepole, akakaa kwenye mkeka karibu yangu. Supu ikaletwa kwenye bakuli kubwa. Alikunywa yote bila kupumzika, jasho likamtoka usoni, wanawake wanamtazama anavyokula. Akafuta mdomo kwa pindo la kitenge, akanisogezea bakuli.

"Mama, niongeze. Na paja."

Nikamwongeza.