Neno la siri la Neema

Sikieni yaliyonipata leo.

Saa sita mwalimu wa binti yangu ananipigia: "Mama Neema, iko motari hapa na pikipiki yake. Anasema umemutuma achukue mutoto."

Minye? Minye sikutuma muntu!

"Lakini amesema neno lenu la siri. Neema amekwisha kupanda."

Ndagala, kama wale samaki wadogo. Ndilo neno tulilochagua, asiende na muntu asiyelijua.

"Mushushe!"

Nilikimbia mpaka masomo, pale shuleni kwake. Neema alikuwa mikononi mwa mwalimu, motari ameshatoroka.

Neema akaniuliza: "Mama, ulimuambia nani?"

Ile video yangu niliyoiweka hapa juzi, Neema akilitaja neno huku anacheka, munaikumbuka? Mulinitumia mioyo mingi.

Nimeifuta.

Neema amechagua neno jipya. Amemuambia koko yake, mama yangu. Lakini minye mwenyewe amekataa kuniambia.