Kano ya Ngosha

Sabina alikuwa muuguzi wa zahanati ya kiwanda kimoja cha nguo pale Nyakato mpaka soko huria lilipoingia na kiwanda kikaanza kupunguza watu. Yeye alipunguzwa mapema. Wenzake wengi walirudi vijijini. Yeye akatoa kitanda barazani kwake, mkabala na mlango wangu, akaendelea na kazi aliyoipenda tangu zamani, yaani miguu ya watu.

Miguu haikukosekana. Walikuja wabeba makreti wa viwanda vya sangara, wauza mkaa wanaopanda milima na baiskeli, na vijana waliocheza mpira kwa raba za mtumba zisizowatosha. Wengi walikuwa wamechanika nyama ya shavu la mguu tu. Sabina aliwawekea kitambaa cha maji baridi, akawafunga bendeji, akawaamuru wapumzike na mguu wauinue juu. Aliyekwisha kukandwa kwa maji ya moto alikaripiwa kwanza. Mimi nilimuunga mkono. Watu wetu wakiona uvimbe mikono inawawasha, hawatulii mpaka waukande.

Mwaka mmoja, wakati wa Bulabo, sikukuu ya mashindano ya ngoma kule Bujora, Ngosha aliletwa juu ya baiskeli. Alikuwa mkulima wa pamba wa karibu na Kisesa, na mchezaji wa mbele katika kikundi cha Wagika. Mkewe Dorotea ndiye aliyelazimisha safari. Mihayo, kiongozi wa kikundi, alikuja amenuna.

"Shikamoo, mayu," Ngosha akasema, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Umefanyaje?"

"Nimepigwa. Niliruka, nikasikia kama rungu nyuma ya mguu, pamoja na mlio. Nikageuka, hakuna mtu."

"Ni Wagalu," Mihayo akadakia. "Wametutupia dawa."

Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, mshindi akiwa anayevuta watazamaji wengi, na hushindana kwa dawa vilevile. Mchezaji akianguka uwanjani, hakuna anayeuliza habari za misuli.

Sabina hakubishana. Alimlaza Mihayo kwanza, kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, akamminya shavu la mguu. Unyayo ukasogea. Kisha akamlaza Ngosha, akaminya mguu mzima, nao ukasogea. Akaminya ule mbovu. Unyayo ulitulia tuli.

Alidhani amemaliza maneno. Kumbe Mihayo ndiye aliyeridhika kuliko wote. "Umeona mwenyewe, mayu. Mguu umekufa. Hiyo ndiyo dawa yao."

Mimi nilicheka, tena vibaya. Sabina hakucheka. Alishika kidole cha Dorotea, akakiweka juu kidogo ya kisigino cha mumewe. Pale penye kano ngumu kwa kila mtu, kidole kilizama.

"Kano imekatika," Sabina akasema. "Aliyeikata mtajuana wenyewe. Ila ncha zake zikiachwa zimeachana, zitapona zikiwa hivyohivyo, na huyu atachechemea mpaka uzeeni. Aende hospitali leo. Asikandwe, asichanjwe chale, asikanyage chini."

Mihayo alitaka mganga wao amtibu kimyakimya nyumbani. "Akionekana hospitali, Wagalu watajua wametuweza. Watazamaji watatukimbia."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Ngosha alimwangalia Mihayo usoni, na nikaona anataka kukubali. Unyonge ule uliniudhi kuliko maneno ya Mihayo. Dorotea ndiye aliyeongea.

"Kikundi kina wachezaji wengi. Mimi mume ninaye mmoja, na pamba bado iko shambani."

Wakaenda. Alifungwa plasta ngumu, ile inayoitwa hogo, vidole vimeelekezwa chini ili ncha za kano zikutane. Ilipotolewa, Sabina alimtengenezea katambuga zenye vipande vya tairi chini ya kisigino, akawa anabandua kimoja kimoja kadiri kano ilivyozoea kuvutika. Dorotea alivuna pamba na dada zake. Mihayo alipata mchezaji mwingine, hakuja hata kumjulia hali mgonjwa, na mpaka leo sijamsamehe.

Mvua za kulimia zilipokaribia, Ngosha alikuja na mkewe kuuliza kama ataweza kufuata plau. Sabina akamsimamisha ukutani.

"Simama kwa mguu huo peke yake. Haya, inua kisigino."

Hakikuinuka. Ngosha alivuta pumzi, akajaribu tena, uso umemjaa jasho, na kisigino hakikuondoka sakafuni. Dorotea aliangalia pembeni.

Mara ya tatu kikainuka. Kidogo tu, lakini kikainuka. Dorotea akakaa chini palepale barazani, akalia.

"Inatosha," Sabina akasema. "Shuka."

Ngosha hakushuka. Mguu ulimtetemeka wote, kiganja kimeng'ang'ania ukuta, naye akabaki juu ya vidole, akisema aachwe kidogo.