Biskuti za Bibi na Nyumba za Kijiji Kipya

Bibi yangu, mama mzaa baba, aliamini kwamba Idi isiyo na biskuti ni Ijumaa tu. Imani hiyo aliipata kwa babu, ambaye kabla ya Uhuru alikuwa mpishi wa meneja wa shamba moja la mkonge huko Korogwe. Babu aliporudi kwao Mazingara hakuja na kitu cha maana, ila alikuwa ameshika kichwani namna ya kutengeneza biskuti, akamfundisha mkewe. Alifariki kabla sijazaliwa. Biskuti zikabaki.

Kila mwaka, siku tatu za mwisho za Ramadhani, nyumba yetu ilikuwa kazini. Mama alikanda unga wa ngano na sukari, mayai ya kuku wetu, iliki, na samli tuliyoipata kwa Wamaasai. Bibi alisukuma donge kwa chupa. Mimi nilikata viduara kwa mdomo wa bilauri. Oveni hatukuwa nayo. Tulitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, tukaweka sinia dogo juu ya mchanga, tukafunika, kisha tukapalia makaa juu ya kifuniko. Sufuria moja ilitoa biskuti kumi na mbili, na ilibidi mtu akae karibu nayo muda wote, koo limekauka kwa saumu, akinusa. Kuonja hakukuwepo. Bibi alijua kwa pua kama zimeiva.

Asubuhi ya Idi kila jirani alipelekewa sahani. Majirani wenyewe walikuwa nyumba saba, zimetawanyika katikati ya mashamba ya mahindi.

Kisha tukahamia kijiji cha ujamaa. Nilikuwa na miaka kama kumi na mmoja. Lori lilitushusha pamoja na nguzo zetu, mlango mmoja na kuku waliofungwa miguu, tukaonyeshwa mahali pa kujenga. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango ukitazama mlango. Ramadhani ya kwanza ilitukuta pale ukuta wa jiko haujakandikwa, upepo unaingia unavyotaka.

Mama alikuwa na mdogo wangu wa miezi mitano mgongoni. Kipande cha reli kikigongwa asubuhi kuita watu kazini, alikwenda shamba la kijiji. Akirudi, alifuata maji bondeni. Jioni alipika futari. Na juu ya hayo yote alifunga. Bibi alimwambia kwamba mwenye kunyonyesha ana ruhusa ya kula, siku hizo azilipe baadaye.

"Nitazilipa lini, mama?" mama alimjibu. "Baadaye ndiyo nitakuwa nimepumzika?"



Unga wa ngano ulikuwa adimu. Duka la kijiji lilitoa kilo mbili kwa kila kaya, na mama alisimama foleni siku mbili kuupata. Alipouweka mbele ya bibi, bibi aliutazama kwa muda.

"Huu utatosha nyumba ngapi?"

"Tugawie hizi nyumba kumi zilizo chini ya balozi wetu wa chama," mama alisema. "Ndio majirani zetu sasa."

"Balozi ana watu wake wa kuwaitia mikutano," bibi alisema. "Mimi jirani yangu ni yule ambaye moshi wa jiko lake nauona."

Kutoka mlangoni petu moshi ulionekana wa zaidi ya nyumba arobaini. Mama alivuta pumzi, akaenda kutwanga makopa ya muhogo ili tupate unga wa kuchanganya na ule wa ngano.

Donge la muhogo halishikani vizuri. Nilikata kiduara, nikakiinua, kikavunjika mkononi. Tulipunguza unene, tukaongeza yai, bado nusu ya biskuti zilipasuka. Siku ya kwanza ilikwisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, bibi alikwenda kutawadha, mimi nilikwenda kuokota kuni, na mama akabaki na sufuria. Niliporudi niliona moshi mweusi. Mama alikuwa ameketi kwenye kinu kilicholazwa, kichwa kimeegemea nguzo, mtoto amelala mgongoni, naye mwenyewe amelala.

Bibi alifika nyuma yangu. Alifunua sufuria kwa kitambaa. Biskuti zote kumi na mbili zilikuwa mkaa. Mama alishtuka, akaziona, na sikumwona akijaribu kusimama.

"Mama," alisema, "nimechoka."

Nilikuwa sijawahi kumsikia akimwambia mkwewe neno hilo. Sauti haikuwa ya hasira. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Bibi aliketi chini, miguu ameinyoosha, akaanza kuzikwangua zile zilizoungua kwa kisu. "Na mimi nimechoka, mwanangu," alisema. "Toka nilipoolewa. Nenda kalale."

"Nikilala, hizi zitakwisha lini?"

"Zisipokwisha, hazitakwisha."

Lakini mama hakwenda kulala. Alimhamishia mtoto kifuani, akamnyonyesha, na mkono uliobaki ukaendelea kuchanganya unga. Tukapika mpaka magharibi.

Asubuhi ya Idi, wanaume walipokuwa kwenye sala, nilitumwa na sahani. Bibi alikuwa amezikata biskuti nusu nusu. Nilimaliza mstari wetu, nikaingia wa pili, na katikati ya huo sahani ikabaki makombo. Nilipokuwa nageuka, mama mmoja alitoka mlangoni. Watu walisema ametoka upande wa Mashewa. Alikuwa amenitazama tangu nyumba ya kwanza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Aliitazama sahani. "Zimekwisha?"

"Zimekwisha."

"Haya. Mwambie bibi yako namsalimu. Hata sisi tumekuja juzi tu, kama ninyi."

Hakusema kwa ubaya, lakini nilitembea hadi nyumbani nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilimweleza bibi. Akasema, "Basi mwakani tutaanza na mstari ule."

Mama alikuwa anafagia. Aliweka ufagio chini. "Mwakani mtaanza bila mimi," alisema, akaingia ndani, akajitupa kitandani na khanga yake ya Idi mwilini.

Bibi akavuta kigoda hadi mlangoni, akamchukua mdogo wangu, akakaa. Wageni walikuja kutoa mkono wa Idi, na bibi alimwambia kila aliyekuja kwa sauti ya chini, "Mwenye nyumba amelala. Keti hapa na mimi." Wengine waliketi, wengine waliendelea na safari yao. Mtoto alipolia alimpa kidole anyonye. Mama alilala mpaka alasiri, na hakuna aliyethubutu kumwamsha, hata baba, ambaye alikula pilau ikiwa imepoa.

Mwaka uliofuata ni bibi mwenyewe aliyesema nyumba kumi zinatosha. Mama alikuwa ameshachukua chekeche, anakwenda kuchekecha unga.