Ukweli Tuliopeleka Mkiwa

Kaka yangu aliporudi kutoka Kongo, sikio lake la kushoto lilikuwa halisikii tena. Alikwenda na kikosi cha kulinda amani, na kwa macho ya watu alirudi mzima. Majirani zetu wa Unyambwa walikuja nyumbani, wengine wakampa pole, wengine hongera, na wengine vyote viwili kwa mkupuo. Mama alichinja jogoo. Kaka alikaa kwenye kigoda karibu na ukuta, akawa anamgeuzia kila mgeni sikio zima, akajibu salamu zote na hakusimulia kitu.

Rafiki yake hakurudi. Alikuwa kijana wa Mkiwa, pale njia panda mabasi yanaposimama. Walikutana mafunzoni, na kwa kuwa wote ni Wanyaturu, wakazoea kuongea lugha ya nyumbani wakiwa wawili. Siku ya maziko kaka alikuwa bado hospitalini, hivyo akanipigia simu niende kwa niaba yake. Nilikwenda. Jeneza lilikuja limefunikwa bendera, askari wamelibeba kwa hatua za polepole. Risasi zilipopigwa hewani, mbuzi wa jirani walikata kamba wakakimbilia barabarani. Ofisa aliyesoma wasifu alisema kijana alifariki papo hapo, bila maumivu, akiwalinda raia. Mama wa marehemu alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake. Aliposikia kwamba mwanawe hakuumia aliinua uso, akamtazama yule ofisa mpaka alipomaliza kusoma.

Miezi kadhaa baadaye, Jumapili moja, mzee wa kanisa alimwomba kaka asimame, watu wamshukuru kwa kulitumikia taifa. Kanisa zima likapiga makofi. Kaka alisimama, akainamisha kichwa, halafu akatoka nje. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya jengo.

"Yule hakufa papo hapo," aliniambia. "Mama yake ameambiwa uongo, na mimi napigiwa makofi."

Hapo ndipo nilipojua. Gari lao lilishambuliwa barabarani, rafiki yake akapigwa risasi tumboni. Kaka alimburuta mpaka kwenye mtaro, na humo walilala wakisubiri helikopta ambayo ilishindwa kuruka kwa sababu ya mvua. Walisubiri tangu asubuhi. Ilipofika, jua lilikuwa linazama na kijana alikuwa ameshakata roho. Kaka alisema anataka kwenda Mkiwa, na akaniomba nimsindikize. Nilimuuliza kama ana hakika kwamba yule mama anataka kusikia hayo. Akasema hana hakika.

Tulimkuta mama huyo uani akipiga alizeti kwa fimbo, mbegu zikidondoka kwenye turubai. Mumewe alikuwa kivulini pembeni ya nyumba, akisikiliza redio. Tukawaamkia shikamoo, tukaletewa viti. Habari za safari na za mavuno zilipokwisha, mama aliweka fimbo chini.

"Mwanangu, ulikuwa naye?"

"Nilikuwa naye, mama."

"Walisema hakuumia."

Yule mzee akazima redio, akasema waliowaletea habari ni wakubwa wa jeshi, na inatosha.

"Namuuliza aliyekuwepo," mkewe akasema bila kumgeukia.

"Aliumia, mama," kaka akajibu.

Akaeleza yote taratibu, bila kuongeza wala kupunguza. Kabla hajafika mwisho, mzee aliinuka akaondoka kuelekea barabarani. Mama alibaki. Aliuliza kama mwanawe aliomba maji. Kaka akasema aliomba sana, ila hakumpa, maana jeraha la tumbo halikuruhusu, na kwamba alichoweza ni kulowesha kitambaa na kumpangusa midomo. Mama akauliza aliongea nini. Kaka akasema aliulizia shamba, kama alizeti imeshavunwa yote.

"Mwishoni hakunijua tena," kaka alisema. "Akaniita mama. Nikaitika."

Hilo hata mimi sikuwa nimelisikia. Yule mama alivuta kanga akajifunika uso, akalia kwa muda mrefu, na sisi tukakaa tu, kwa sababu hatukuwa na la kufanya. Baadaye alinawa uso, akaingia jikoni, akatupikia ugali na mlenda. Tulipoaga, aliushika mkono wa kaka kwa mikono yake yote miwili, akamwambia asiache kuja.

Mumewe tulimkuta njia panda, amesimama peke yake kando ya wauza kuku. Alimngoja kaka amkaribie.

"Nilikuwa napata usingizi," alisema. "Nilijua mtoto wangu hakuteseka. Sasa nitalalaje?"

Kaka aliomba msamaha. Mzee hakusema amemsamehe wala hajamsamehe. Alituonyesha basi lililokuwa linakuja, akasema tuwahi.

Ndani ya basi kaka aliniuliza kama alikosea. Nilitaka kusema hapana, lakini nilikuwa namfikiria yule mzee, nikachelewa kujibu. Akageukia dirisha, sikio lililokufa likiwa upande wangu; nilipoitamka ile hapana hakuisikia, na sikuirudia.

Tangu siku hiyo kaka huenda Mkiwa kila msimu wa mavuno, kumsaidia yule mama kupiga alizeti. Mama humpigia simu mara kwa mara, wakati mwingine kuuliza tena jambo lilelile, jinsi kijana wake alivyoulizia shamba. Nyumbani kwetu watu bado humwita shujaa, naye bado hataki kusimamishwa kanisani. Anasema kama wanataka kumheshimu mtu, wakamsikilize yule mama, kwa kuwa kila anayekwenda kwake humpa sifa za mwanawe, halafu huondoka kabla hajauliza swali.

Msimu uliopita nilikwenda naye. Yule mzee alitoka nje tulipokuwa tunakunja turubai. Kaka akasimama wima, akamwamkia shikamoo. Mzee akaitikia marahaba, halafu akarudi ndani na kuufunga mlango.