Mtungi wa Kwanza Mferejini

Hadi leo sijui mtungi wa jirani wa chini ulikuwa ukifikaje wa kwanza mferejini, kwenye bomba letu la pamoja, kila siku ya maji, hata nikirauka vipi. Katika ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Machakos, maji hukatika kabla ya mitungi ya nyuma kujaa.

Jumamosi, mama wa ghorofa ya juu kabisa, ya tatu, mwenye mapacha wachanga, alimkabili jirani huyo mikono kiunoni. "Mama, kwani umeolewa na hii mfereji?"

"Na wewe, nani amekukataza kuamka?"

Tulicheka, ingawa mtungi ule nimeuonea wivu ambao sijawahi kuonea gari la mtu. Tukaamua foleni ianzie ghorofa ya juu, kwa wanaopandisha maji ngazi nyingi zaidi. Jirani wa chini mwenyewe aliusogeza mtungi wa mama mapacha mbele, akaupeleka wake mwisho.