Samaki Apate Pa Kugeukia

Kaka yangu Quới anauza spea za pikipiki kichochoroni kwetu, hapa Saigon, na hata mlango wa choo haweki bila kuupima kwa futi yake. Futi yenyewe kila nyumba hapa inayo, vipimo vyake vimepakwa rangi: urefu ukiangukia nyekundu ni neema, nyeusi ni mkosi. Kitanda, meza, madhabahu ya mababu, vyote vinapimwa. Mimi sina ugomvi na futi. Ugomvi wangu ni na kichwa cha aliyeishika.

Alinunua samaki-joka mdogo kama kidole, wa kumvutia riziki. Bwana Lục, muuza samaki, alimwonya: "Ndugu yangu, huyu anakua haraka. Mwaka hauishi atakuwa kama mkono wako. Mchukulie tanki pana, apate pa kugeukia."

Quới akachomoa futi. Tanki pana likaangukia nyeusi, jembamba likaangukia nyekundu. Akabeba jembamba.

Samaki hajui futi, akakua. Mvua zilipoanza, pua ilikuwa inagusa kioo huku na mkia kule. Akitaka kugeuka, alijikunja hadi magamba yakakwaruzika. Maji yalinuka kamba waliooza. Na huyo kaka ameketi pembeni anamenya kamba wabichi, mmoja mmoja, amlishe samaki, huku mama yetu, anayelala chumba hichohicho, anakula uji mtupu ninaouleta mimi. Nilimchukia siku ile, sifichi.

"Kaka, samaki anateseka," nikamwambia.

"Najua, Thoa. Nimeagiza tanki kubwa. Pande zote nyekundu tupu!"

"Utaliweka wapi? Chumba chenyewe ndicho hiki."

Alikuwa anakitazama kitanda cha mama.

Mama amepooza upande mmoja. Hawezi kujigeuza, asipogeuzwa, mgongo unatoka vidonda. Kitanda chake kilikuwa karibu na mlango, apate hewa na kusalimiana na wapita njia. Nilipokuja tena, mahali pale pamesimama tanki linalong'aa kwa taa, samaki anazunguka humo kwa madaha, na mama amesukumwa chini ya ngazi, kati ya matairi na makopo ya oili. Ngazi ilikuwa juu ya uso wake. Palinuka mkojo na oili.

"Huna haya, Quới?"

"Amekubali mwenyewe. Muulize!"

"Angekataaje, na nyumba ni yako?"

"Usinipigie kelele, utamshtua samaki."

Nikainyakua futi yake, nikaingia chini ya ngazi kwa magoti, nikapima kitanda kichwani hadi miguuni. Nikamwonyesha, maana hiki hakuwahi kukipima. Nyeusi.

Uso ukamshuka. Mtu ambaye mateso ya mama hayakumgusa, rangi ya futi ilimtia jasho. Nikajisemea, haya, leo amepata akili.

Akaipokea futi, akapima tena, akahesabu kwa midomo. Kisha uso ukamchangamka.

"Ah! Kidogo tu hiki. Nikikata kitanda vidole vinne, kinaangukia nyekundu."

"Na miguu ya mama?"

"Si ataikunja?"

Akaenda kuleta msumeno. Nawaambia kweli, alienda.

Mama alikuwa amesikia yote. Akanivuta mkono kwa ule wake mzima.

"Thoa, mwanangu. Huyo samaki, sasa anageuka?"

"Anageuka, mama."

"Vizuri. Na mimi basi, nigeuze kidogo."

Nikamshika bega nimgeuze. Goti lake likagonga ngazi, akauma meno, hakulia. Mahali pa kugeukia hapakuwapo.

Nikamtoa mzima mzima, nikamweka mgongoni, mwepesi kama kapu tupu. Quới alirudi na msumeno akatukuta mlangoni.

"Mnakwenda wapi? Nyumbani kwako ni padogo!"

"Ni padogo," nikasema, "lakini sijapima."