Mwaka Walioiba Matoazi

Nilianza kukasirika mwezi wa pili. Ilitoka albamu ya bendi moja ya Ulaya ya kaskazini, bendi niliyoipenda tangu niko kijana kule Songwa, fundi magari mmoja aliponiachia kanda yao iliyokwaruzika. Albamu hii nilikuwa nimeisubiri miaka minne. Nikanunua bando, nikapanda juu ya kifusi cha mawe nyuma ya karasha ninapofanyia kazi, maana huko ndiko mtandao unakoshika, nikaipakua yote. Nikavaa hedifoni. Magita yapo, besi ipo, muimbaji ananguruma vizuri tu. Ila ngoma! Mpigaji alisikika kama mtu anayepiga magunia ya pumba. Matoazi, zile sahani za shaba zinazotakiwa kulia juu ya kila kitu, hayakuwepo kabisa.

Hasira zangu nikazimwaga kwenye kundi letu la simu. Tuko watu kumi na kitu, Watanzania na Wakenya, tunaopenda hevi metali, muziki ambao majirani zetu wanaamini ni wa mashetani. Kila mwaka tunabishana albamu ipi imetia fora, na kila mwaka mimi ndiye ninayeshika rungu.

Mwaka huu rungu halikupumzika. Wakarudi wale wazee waliokuwa wamestaafu, wamepaka nywele rangi, wakatuuzia nyimbo zao za zamani kwa majina mapya. Nikawaandikia kwamba ng'ombe hazeeki maini, lakini wao wamezeeka hadi kwato. Wakaja vijana wenye wapiga gita watatu na wazo moja, debe tupu. Ikaja bendi ya dada mmoja mwenye sauti ya kung'oa bati, nikasema sasa tumepona, na huko nako, matoazi hakuna. "Kuna mtu studio anaiba matoazi," niliandika, "na dunia nzima imenyamaza."

Jamaa mmoja wa Nairobi akajibu kwa upole kwamba yeye anayasikia. Nilimshukia kama mwewe. Nikamwambia hedifoni zake ni za kununua barabarani, na kama anataka vitu laini akasikilize taarabu. Akajitoa kundini siku hiyo hiyo, na mimi nikaona nimeshinda.

Kazi yangu ni kuendesha karasha, pipa kubwa la chuma linalozungushwa na injini, na ndani yake mna gololi za chuma zinazosaga mawe ya dhahabu. Mteja analeta mawe yake, mimi nampa unga. Kazi hii hufanywa kwa masikio. Mawe yakiwa bado, yanalia kwa sauti kali, kama mvua ya changarawe juu ya bati. Yakishasagika, ukali unakufa, unabaki mdundo mzito wa gololi peke yake. Hapo unazima, unafungua. Ndiyo maana huku hatuzibi masikio. Anayeziba ni sawa na mpishi aliyejiziba pua, na mgeni akija na vipamba vyake tunamcheka mpaka anavitupa. Nimewacheka wengi mwenyewe, kwa miaka kumi na tisa.

Jumapili moja mwishoni mwa mwaka nilikaa uani nimeifungulia ile albamu ya mwezi wa pili kwenye spika kubwa, nikiandika hukumu yangu ya mwaka mzima. Mke wangu alikuwa ametoka kanisani. Ni mtu wa Samuye, anaimba kwaya, na muziki wangu hajaupenda hata siku moja. Akasimama mlangoni.

"Baba, punguza hicho kitu."

"Gita?"

"Gita nimeshalizoea. Hicho kinacholia tsii, tsii, tsii, kama mtu anamwaga vijiko. Kinanichoma kichwa."

Nilimwambia hakuna kitu kama hicho, na kwamba nimeandika mwaka mzima kulaani kukosekana kwake. Akaja mpaka mezani, akaanza kugonga kwa kidole. "Hiki hapa. Na hiki. Na hiki." Aligonga pale pale ambapo mpiga ngoma yeyote mwenye akili angepiga.

Nikaizima ile albamu. Nikatafuta kwenye simu nyimbo za ile kanda ya ujana wangu, ambayo kila toazi nalijua kwa moyo. Nikafungulia sauti mpaka mwisho. Pale palipotakiwa kulia, palipita kimya.

"Hapo kipo?" nikauliza.

"Kipo."

"Na hapo?"

"Kipo."

Nikauliza mara ya tatu. Aliacha kukunja khanga yake, akaniangalia.

Nilimfokea, Mungu anisamehe. Nikamwambia aende zake na kwaya yake. Nyani haoni kundule, na mimi kwa mwaka mzima nilikuwa nawachekelea wengine. Halafu nikakumbuka jambo.

Miezi michache nyuma, mama mmoja kutoka Ushetu alileta viroba vya mawe. Nikasikiliza, ukali ukaisha, nikazima, nikafungua. Akashika unga, akaniambia una changarawe, haujasagika. Na dhahabu iliyobaki ndani ya changarawe huipati, inaenda na takataka. "Mwanangu, hebu shika mwenyewe," alisema, akininyooshea kiganja. Sikushika. Nilimwambia mbele ya watu kwamba kazi hii naijua kabla hajaijua njia ya machimboni, na kama mawe yake hayana kitu asinisingizie mimi. Akafunga viroba vyake, akaondoka bila kuaga. Sijui anakaa kijiji gani. Wako wangapi kama yeye, sijui pia.

Jumatatu nilimfuata bosi asubuhi, kabla injini hazijawashwa. Tulikuwa tunasubiri dizeli. Sikutaka kuzunguka. Nilimwambia sisikii tena mawe yanapolia, kwamba nimewaharibia watu, kwamba nataka nikapimwe masikio na sote tununuliwe vizibo. Nilikuwa na hasira naye, na pipa lile, na mimi mwenyewe.

"Ukiziba masikio utayasikiaje mawe?" aliuliza.

"Sasa hivi nayasikiaje?"

Akatikisa kichwa, kama mtu aliyeletewa hadithi ya sungura na fisi. Wenzangu watano wa karasha walikuwa wamekaa hatua kumi hivi kutoka tulipo, wametupa mgongo, wanakunywa uji. Hata upepo haukuwepo. Bosi akawageukia, bila kupaza sauti.

"Jamani, kuna mwingine hapa masikio yanamsumbua?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna hata aliyegeuza kichwa.

"Umeona?" bosi akaniambia. "Ni wewe tu."